Nimetumia ofisi ya wahudumu wa wagonjwa Tanga miezi 8: mhudumu nampa nyota zote, malipo yake yameniuma

Habari zenu jamani. Naandika kwa yeyote mwenye mgonjwa wa kulala ndani hapa Tanga anayetafuta mtu wa kumhudumia nyumbani, mana mi nilipokuwa natafuta mwaka jana sikupata wa kunieleza, kila nikiuliza naambiwa agiza binti Lushoto umpe elfu hamsini atakufanyia yote. Jina la ofisi naliacha, nimeshaongea na watu wengine watatu waliopitia ofisi zingine na tulipolinganisha risiti zetu mambo yanafanana kabisa, kwaio kuitaja moja peke yake naona si haki.

Mama alipata kiharusi mwezi wa pili 2025, upande wa kushoto wote ukapooza na maneno yakawa yanatoka kwa shida. Akakaa hospitali ya Bombo wiki mbili na nusu af tukarudi naye nyumbani Mikanjuni, na hapo ndo kazi ilipoanza. Mtu mzima asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya mgongo na makalio inaanza kuwa nyekundu mara ushapata kidonda, pampasi zibadilishwe, aogeshwe kitandani, alishwe akiwa amekaa wima mana akilishwa amelala uji unapita njia ya hewa, mkono na mguu unyooshwe asubuhi na jioni visikakamae, dawa za presha kwa saa yake. Mi nina meza ya vitenge soko la Mgandini, mdogo wangu wa kiume ni mtu wa bajaji, wengine wawili wako Dar. Tulijaribu wenyewe siku kumi na moja nikaanza kusinzia mezani mbele ya wateja.

Ofisi ikatuambia 400,000 kwa mwezi, usajili 50,000 mara moja, mhudumu analala hapo hapo, chakula juu yetu, na anapumzika Jumapili mbili kwa mwezi. Tuko wanne, laki laki, tukasaini. Niwe mkweli wana mazuri yao: mtu alifika ndani ya siku mbili, alikuja na barua ya serikali ya mtaa na ya mdhamini, ana sare, na simu zao zinapokelewa. Kwa anayeogopa kuingiza mtu asiyemjua ndani kwa mgonjwa hilo ni jambo kubwa na silipuuzi.

Tatizo likaja kwenye watu kutokaa. Wa kwanza alikaa siku 9, akaniambia kwa heshima kabisa "dada mi niliambiwa ni kazi za ndani na kumsaidia bibi kidogo, sikuambiwa mambo ya pampasi", akaondoka. Wa pili alikaa wiki tatu akapata kibanda cha chipsi cha mtu pale stendi Kange akasema kule analipwa zaidi na usiku analala. Sasa naomba anayesoma anielewe hapa. Mama yangu ni mtu wa stara, miaka yote mi sijawahi kumuona bila kanga ya pili hata akiwa jikoni peke yake, na ndani ya wiki tano akavuliwa nguo na kuogeshwa na watu watatu tofauti asiowajua. Huyo wa pili alipoondoka na wa tatu akaingia na beseni, mama alishika shuka kwa ule mkono wake mzima akalivuta mpaka kidevuni na machozi yakawa yanamtoka, kuongea hawezi. Mi nikatoka nje nikakaa barazani. Watu wakisema mshahara wa mhudumu ni shauri lake na mwajiri wake nakumbuka lile shuka, mana mtu akilipwa kidogo anaondoka, na akiondoka anayevuliwa nguo upya mbele ya mgeni ni mgonjwa.

Wa tatu ndo alikaa. Jina lake ni lake, nitamuita dada. Ni mama wa watoto wawili kutoka upande wa Muheza, watoto kawaacha kwa bibi yao. Siku ya kwanza hakumgusa mama kwa dakika kama ishirini, alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda akawa anamuongelesha, shikamoo bibi, mi nimekuja kukaa na wewe, kwetu ni sehemu fulani, wewe kwenu wapi, ata kama bibi hajibu. Af akamuomba ruhusa. "Bibi nikufute uso?" Akafunika mwili wote akawa anafunua kipande kimoja anaosha anafunika anahamia kingine. Mama hakushika shuka.

Na alikuwa na jicho. Wiki ya pili akaniambia "dada, bibi akinywa chai anakohoa kila mara, uji mzito hakohoi, nafikiri maji mepesi yanamshinda koo". Tukapeleka kliniki tukaambiwa ni kweli, kumeza kwake kumeathirika na kiharusi, vitu vyepesi viende kidogo kidogo kwa kijiko, kichwa kikiinamia mbele. Kumbe mi nilikuwa nampa kikombe nikidhani namsaidia, na chakula kikiingia kwenye mapafu mgonjwa wa hivi anaweza kupata nimonia akafa nayo. Hakuna aliyemfundisha hayo ofisini, mafunzo yao aliniambia yalikuwa siku nne, alijifunza alipomuuguza bibi yake mwenyewe. Akimlisha samaki changu alikuwa anachambua miiba kwa vidole mpaka basi. Miezi yote hiyo mama hajawahi kupata kidonda ata kimoja, na anayejua wagonjwa wa kulala anajua hilo lina maana gani. Kwaio kwenye huduma ya mhudumu mi sina neno, nyota zote tano.

Sasa malipo. Mwezi wa sita kioo cha simu yake kilipasuka akaniomba nimsomee meseji kama hela ya mwezi imeingia, kuna ada ya mtoto anataka kutuma. Nikasoma 165,000. Nikamwambia ngoja, imeingia nusu, nyingine labda kesho. Akaniangalia akasema "hapana dada, ndo yote hiyo".

Nilikaa kimya muda. Sisi tunatoa laki nne kila tarehe moja, wengine tunakopa kwenye vikoba kuifikisha, na miezi yote nilikuwa najua kwamba huyu mama anayeamka saa 8 usiku kumgeuza mama yangu anapata walau laki tatu. Piga hesabu, kwenye kila laki yetu yeye inamfikia elfu 41 na kidogo. Na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, hakuna, alikuwa hajui ata kama anastahili. Karatasi ya ajira hana, alisaini kitabu tu siku ya kuanza.

Nikaanza kufuatilia sheria mana iliniuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, kuzidi hapo ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu, kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5, mapumziko ya masaa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mwajiri anatakiwa ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Dada alikuwa anaanza saa 11 alfajiri anamaliza saa 3 usiku, hayo ni masaa 16 ukiacha ya kuamka amka, kwa siku sita ni masaa 96, yani kazi ya watu wawili na bado Jumapili mbili nyingine anafanya. Na hapo na mimi nimo, nimesaini Jumapili mbili kwa mwezi nikaona sawa, sikujiuliza. Hilo ni kosa letu kama familia na nimemuomba msamaha.

Nikaenda ofisini. Yule baba wa pale alinipokea vizuri, akanielezea pango, mafunzo, kodi, usimamizi, mi pia ni mfanyabiashara najua meza haijilipii yenyewe. Ila usimamizi wenyewe walikuja mara moja kwa miezi 8, wakapiga picha wakaondoka. Nikamuuliza kwa nini 165,000, akanijibu jibu ambalo sina la kumrudishia mpaka leo: "Dada angu sisi tunalipa karibu mara tatu ya kima cha serikali."

Na ni kweli. Amri ya kima cha chini ya 2022 iliyoanza Januari 2023 iliweka mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake 60,000 kwa mwezi, asiyelala hapo 120,000, wa kwa wenye vyeo wanaostahili kuhudumiwa 200,000, wa kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa 250,000. Na hiyo 60,000 yenyewe ilitoka 40,000 ya mwaka 2013, karibu miaka kumi. Nimeipitia orodha ile sekta kwa sekta, walinzi wapo, wa mashambani wapo, wa hotelini wapo, wa hospitali binafsi wapo, wa mtu anayemhudumia mgonjwa wa kupooza nyumbani kwake sikuuona mstari wake, kwaio ofisi inamuweka kwenye kundi la mtumishi wa ndani tena yule wa chini kabisa kwa sababu analala pale pale. Yani kulala pale ndo kunamshushia mshahara wakati kulala pale ndo kazi yenyewe, mana mgonjwa anageuzwa usiku! Muuguzi akifanya kitu hicho hicho wodini ni sekta ya afya, akitoka nje ya geti akakifanya Mikanjuni ni housigeli. Majirani wenyewe walikuwa wananiuliza "housigeli wenu bado yupo?" mpaka nikawa nawasahihisha, ni mhudumu wa mgonjwa.

Binamu yangu yuko Columbus, Ohio, huko Marekani, anafanya kazi hii hii ya kutunza wazee majumbani, nikampigia WhatsApp nikijua ataniambia kwao mambo safi. Akacheka akaniambia kaa nikueleze. Huko mwaka 1974 waliporekebisha sheria yao ya mishahara waliwaacha nje watu wanaokaa na wazee na wagonjwa nyumbani, wakachukuliwa kama watu wa kumpa mzee kampani tu, kwaio kampuni ikawa hailazimiki kuwalipa ovataimu. Kuna mama mmoja mzaliwa wa Jamaica, Evelyn Coke, alifanya kazi hiyo New York zaidi ya miaka ishirini, akaishtaki kampuni yake adai ovataimu zake, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi na mwaka 2007 majaji wote tisa wakasema sheria ilivyo hana haki hiyo. Akafariki 2009 bila kuipata. Serikali ya Obama ikaja kubadilisha kanuni 2013, ikaanza kutumika 2015, wahudumu wa kampuni wakaingia kwenye kima cha chini na ovataimu. Na mwezi wa saba 2025 wizara yao ya kazi ikatoa pendekezo la kuwarudisha kule kule kwa zamani. Binamu aliongea hayo kwa uchungu, anafanya masaa 60 kwa wiki na ile ovataimu ndo inayolipa pango lake.

Ila kuna kitu kimoja alichonitajia kikanikaa. Mwaka 2024 ilitoka kanuni ya Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, kwamba kwa huduma za aina hii za nyumbani angalau asilimia 80 ya hela inayolipwa iende kwa wahudumu wenyewe, majimbo yakapewa miaka 6 ya kujipanga. Makampuni yalilalamika sana, ata wengine wanasema ofisi ndogo za vijijini zitafungwa, na sidhani kama ni uongo mtupu. Lakini fikra yenyewe ndo niliyokuwa naitafuta sina maneno yake. Kwamba kuna sehemu ya hela ya mgonjwa ambayo ni ya mikono inayomshika. Kwa laki nne yetu asilimia 80 ni 320,000. Sisemi Tanga tuanze na 80, serikali yetu hailipii huduma hii, tunalipa wenyewe kwa michango, ni tofauti. Ila kuanzia 41 mpaka 80 hapo katikati kuna nafasi kubwa sana ya serikali kuweka mstari.

Najua serikali imeongeza. Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 kwenda 500,000, na kwa sekta binafsi amri mpya imeanza Januari mwaka huu 2026, wastani umetoka 275,060 kwenda 358,322, ni kama asilimia 30. Nashukuru na wanaostahili wapate. Ila tazama huo wastani af tazama hesabu ya mtu anayeanzia kwenye 60,000, ata umpe asilimia 30 yote unamfikisha elfu 78, hiyo ni pampasi za mama za wiki chache. Asilimia ya kitu kidogo ni kidogo. Mi ninachoomba ni huduma ya mgonjwa nyumbani iwe na mstari wake, itajwe kwa jina lake, iangaliwe kwa jicho la afya, na usiku wake uhesabiwe. Wizara ya Kazi wanajua kuhesabu usiku wa mlinzi, wa mhudumu wanashindwaje? Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003 inayosema mzee atunzwe na familia na jamii. Sawa, familia ndo sisi tunachanga laki laki, lakini anayetunza kwa mikono ni mtu mwingine kabisa, na ana watoto Muheza.

Tulichofanya sisi. Makubaliano ya ofisi yana kifungu kwamba ukimchukua mhudumu moja kwa moja unawalipa 300,000. Tukailipa, iliuma, mezani nilipunguza mzigo mwezi mzima. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili dada yuko na sisi kwa karatasi: mshahara 300,000, NSSF sisi tunaweka asilimia 10 na yeye 10, Jumapili zote zake kuanzia Jumamosi jioni, na usiku anageuza mara moja tu saa 5 kabla hajalala, zamu zilizobaki ni mimi na mdogo wangu kwa kupokezana. Jumapili anakuja binti wa jirani aliyesoma uuguzi anasubiri ajira, 15,000 kwa siku. Jumlisha zote haifiki ile laki nne tuliyokuwa tunapeleka ofisini. Masaa bado hayajakaa kama sheria inavyotaka, nakiri, saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni na mapumziko mchana mama akilala, tunaendelea kupunguza.

Si kila familia itaweza hivi. Anayeishi Dar na mzazi yuko Tanga anahitaji ofisi ya kusimamia, kwaio siwaambii watu waache ofisi. Nawaambia kabla hujasaini uliza mambo haya na usione aibu: katika hela yangu mhudumu anapokea ngapi mkononi, NSSF mnamuwekea, ana karatasi ya ajira, akiumwa au akienda likizo nani anakuja. Wakikwambia ni mambo ya ndani ya ofisi, mi niliambiwa hivyo hivyo mara ya kwanza, nikarudi mara ya pili na ya tatu ndo nikajibiwa. Na wahudumu wenyewe mnaosoma, CHODAWU, chama cha wafanyakazi, wanapokea wafanyakazi wa majumbani, na mgogoro wa kazi unapelekwa CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukifukuzwa una siku 30 tu za kupeleka kwaio usikae unalia nyumbani.

Ofisi naipa nyota mbili, moja ya haraka na moja ya barua za dhamana. Mama sasa ivi anakaa barazani kwenye kiti jioni, anasema maneno mafupi, neno analosema vizuri kuliko yote ni jina la dada.

Naulizia pia, shangazi yangu wa Pangani ameanguka amevunjika nyonga na sisi mikono imeisha. Kama kuna mtu anajua ofisi yoyote, Tanga au Muheza, inayokubali kuandika kwenye risiti mhudumu anapata kiasi gani, niandikieni hapa chini. Bei nitaisikiliza.